Mwaitu Aliondoka Wakati wa Palizi

Watu walianza kunizika mwezi wa tisa, na mimi nikiwa bado nakula.

Sisemi kwa mzaha. Mume wangu Musyoka, ambaye huuza vipuri vya pikipiki pale Malili, aliniuliza pini ya simu yangu. Tangu tuoane hakuwahi kuiuliza. Mama mkwe akaja kumwona mtoto wangu Mwende, akamwangalia kutoka utosi mpaka vidole vya miguu, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua. Kina mama wa kanisa wakaja kuniombea na kuniimbia, na katika nyimbo zote walizo nazo wakachagua ile huimbwa jeneza likishuka. Niliwauliza kama hawana nyingine. Wakatazamana. Walidhani ugonjwa umepanda kichwani.

Sasa nywele zimerudi, na leso inakaa kiunoni bila kuteleza. Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwa benchi ya kliniki, umeshika bahasha ya picha za eksirei, na jirani yako wa kushoto amekohoa asubuhi yote. Sitakueleza saratani ni nini. Hiyo ni kazi ya daktari, na usipoelewa muulize tena mpaka achoke. Mimi nitakuambia habari za benchi, na za mwili, na za mama yangu, ambaye nilimfukuza aende nje ya nchi peke yake nikiwa katikati ya matibabu, na ukoo mzima ukaninunia.

Ilianza na uvimbe shingoni, mdogo kama punje ya mbaazi. Wa kwanza kuushika alisema ni goita. Wa pili akasema ni TB, nikameza dawa za TB tangu mahindi yakiwa magotini mpaka yakavunwa, mkojo ukageuka rangi ya chungwa, na ule uvimbe ukazaa wenzake mpaka kwapani. Usiku nilikuwa nalowa jasho kama nimemwagiwa ndoo. Nikapungua. Watu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimepimwa, na hukuhitaji kuuliza nimepimwa nini. Mpaka baridi ya mwezi wa saba ndipo mtu mmoja mwenye akili akakata kipande cha ule uvimbe akakipeleka maabara. Limfoma. Saratani ya tezi. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo, na sina haja ya kusamehe mtu ili nipone. Nimepona nayo.

Daktari alisema, na Musyoka alikuwa hapo amekaa: "Hii ni ya kutibika. Wengi hupona." Tulipofika nyumbani nikagundua hakusikia. Alisikia neno moja tu, lile la saratani, halafu masikio yakafunga. Na kila aliyeambiwa alisikia hilo moja. Ndiyo maana mwezi wa tisa nilikuwa tayari marehemu.

Tulikubaliana nihamie kwa mama yangu Kwa Vonza, kwa sababu kutoka huko hospitali iko karibu. Mama yangu namwita Mwaitu, kama Wakamba wengine wote. Ana miaka sitini na minane, na ni mjane. Maisha yake yote ya kazi alipika katika shule ya upili, kwa sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani. Alimchukua Mwende kutoka mikononi mwangu siku niliyoambiwa nisinyonyeshe tena. Nilijifunga matiti kwa leso, nikajifungia chumbani, na Mwende akagonga mlango akilia mpaka sauti ikakauka. Katika mambo yote yaliyonipata, hilo ndilo siwezi kuliandika zaidi ya hapa.

Dawa nilikuwa nawekewa kila baada ya wiki mbili. Kulikuwa na moja nyekundu kama juisi ya watoto, sista aliisukuma kwa sindano nene, polepole, macho yakiwa kwa mkono wangu, kwa sababu ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama. Baada yake mkojo ulitoka mwekundu. Kwa mwaka mmoja nimekojoa rangi zote ila yake. Nywele zilitoka siku ya kufua, zikabaki kwa mto kama paka amelala hapo. Mishipa ya mkono ikawa myeusi na migumu, ukiigusa ni kama waya. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Kitu pekee kilichopita kooni bila vita kilikuwa uji wa wimbi wenye ndimu, na Mwaitu alinipikia bila kuuliza nimekula kiasi gani, na hilo nililiona ni heshima kubwa kuliko maombi.

Sasa hii safari.

Miaka mingi iliyopita Mwaitu aliona kalenda kwa duka la dawa za mifugo, ikiwa na picha ya maporomoko ya Viktoria, kule Zambia. Mwanamke ambaye amesukuma punda na mitungi tangu akiwa msichana alisimama pale akasema, "Maji yote hayo, na hakuna mtu amekinga." Aliomba apewe hiyo kalenda mwaka ulipoisha. Alipostaafu akaanza kufuga mbuzi, na tulijua ni mbuzi wa Zambia. Mwaka ule niliougua aliwauza, akachukua pasipoti, akakata tikiti ya basi ya mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amechagua huo mwezi kwa sababu ndipo wageni hawako na vyumba vinakodishwa rahisi. Alilipa kabla ya ule uvimbe kupata jina.

Ukoo ulikutana nyumbani kwake Jumapili moja baada ya kanisa, ati kupanga namna ya kunisaidia. Chai ikamiminwa. Shangazi Ndunge, dada ya marehemu baba, ambaye akikaa kwa kiti kiti hujua, ndiye aliyeanza.

"Nasikia kuna mtu anasafiri."

"Nilikuwa nisafiri," Mwaitu akasema, macho kwa kikombe.

"Zambia kuna mtu wetu?"

"Hakuna."

"Ni mkutano wa kanisa?"

"Hapana."

"Sasa kuna nini?"

"Maji."

Shangazi akageuka akawatazama wengine, mmoja mmoja, ili kila mtu apate sehemu yake ya hiyo aibu. "Mwezi wa kumi na moja. Wakati wa palizi. Mtoto mgonjwa. Mtu aache shamba liote magugu aende kuangalia maji, peke yake, na magoti hayo."

"Ndipo wageni hawako," Mwaitu akasema. "Ni rahisi."

"Hawako kwa sababu wana akili!"

Watu wakacheka kidogo. Mwaitu naye akacheka, halafu akaweka kikombe chini akasema, "Hata hivyo siendi. Nitaomba wanirudishie pesa ya tikiti. Nitakaa na mtoto wangu Mumbua."

Na wote wakashusha pumzi. Musyoka pia. Mwaitu alisema hivyo kwa upole, na ule upole ndio ulinichoma. Hakuwa mwanamke wa kusema kwa upole. Mama huyu alinichapa kwa mwiko nikiwa kidato cha tatu. Nikajua hata yeye ameanza kunizika.

Nikasema, na sikutumia sauti ambayo mtu hutumia kwa mama yake mbele ya watu: "Mwaitu, ukibaki, unabaki kungoja nini?"

Shangazi akaacha kukoroga chai.

"Uji, Musyoka anajua kupika, na kama hajui atajua. Mwende atakaa na mama mkwe. Hospitali nitapelekwa. Daktari amesema nitapona. Sasa nyinyi nyote mniambie, Mwaitu anabaki kungoja kitu gani ambacho hakiwezi kufanyika bila yeye?"

Kila mtu pale alikuwa anajua ni kitu gani. Shangazi Ndunge alisema, "Mumbua, adabu." Nikamwambia adabu yangu imetoka pamoja na nywele.

Mwaitu alinitazama. Halafu akauliza, si mimi, aliuliza hewa: "Na nani ataketi naye akiwekewa dawa?" Akajijibu mwenyewe: "Mwethya."

Kama hutoki kwetu, mwethya ni kikundi cha kina mama wanaolimiana. Leo wote kwa shamba lako, kesho wote kwa langu, matuta yanachimbwa, magugu yanaondoka, na hakuna anayelipwa. Mwaitu amechimba matuta ya wenzake tangu kabla sijazaliwa. Sasa aliwaambia hivi: zamu yangu inayofuata, msije shambani. Nendeni hospitali.

Siku ya kuondoka alikuwa na viatu vya raba, leso mbili na begi ya kuazima. Hatukushikana. "Kula," akasema. "Nenda," nikasema. Mahindi yalikuwa yamefika kwa kifundo cha mguu na magugu yalikuwa yameyapita.

Siku ya dawa nilingoja mtu mmoja aje kunisindikiza. Mwethya lakini haijui kitu kinachoitwa mtu mmoja. Walikuja wote. Sikuzoea kusikia kelele kwa hiyo kliniki, kule hata kukohoa watu huomba radhi, na sasa niliinua macho nikaona geti limejaa vitambaa vya kichwa, na mbele yao Mama Kalekye, kiongozi wao, mama mfupi mwenye mabega ya kubeba mawe.

Bawabu akawazuia. "Nyinyi ni harusi ama ni maandamano?"

"Sisi ni mwethya."

"Mgonjwa mmoja, mtu mmoja."

"Kwenu shamba moja hulimwa na mtu mmoja?" Mama Kalekye akamuuliza. "Ndiyo maana mnanunua mahindi."

Walipita. Sijui walipitaje, lakini ukimzuia Mama Kalekye anageuka kuwa upande huu wa geti na wewe uko upande ule. Wakanipata, wakanisalimia wote kwa mkono, wakakaa chini sakafuni kwa sababu benchi zimejaa. Halafu tatizo likaonekana. Hawakuwa na kazi. Mimi nilihitaji mtu wa kunishikia begi, na ilikuwa begi moja. Wanawake hawa wamezoea ukifika unapewa mstari wako unalima. Walitazamana. Mmoja akaokota karatasi sakafuni. Mwingine akaanza kupanga viti.

Kulikuwa na mama mmoja ametoka Tseikuru, safari ya mbali kuliko sisi wote, na alikuwa amekuja peke yake. Tangu asubuhi alikuwa amebana mkojo kwa sababu akiinuka atapoteza nafasi kwa foleni. Alimwambia mama wa karibu, kwa haya. Yule akamwambia, "Nenda, nitakukalia." Ndivyo walivyopata kazi. Kwa muda mfupi kila mtu aliyekuja bila mtu alikuwa na mtu. Huyu anakaliwa nafasi, huyu anapelekwa maabara, huyu anashikiwa mtoto. Sista akatoka na faili akauliza, "Nani yuko na mgonjwa huyu?" wakainuka watano.

"Wewe ni nani yake?" akamuuliza Mama Kalekye.

"Leo ni shamba letu," Mama Kalekye akajibu, na sista, ambaye ni Mkamba, akaandika ni shangazi.

Niliwekewa dawa nyekundu siku hiyo nikiwa nacheka. Sikujua inawezekana.

Mwaitu alikuwa akituma sauti kwa simu. Mpakani Tunduma alisema amesimama foleni mpaka miguu imevimba, na kijana wa uhamiaji amemuuliza kikundi chake kiko wapi. "Nikamwambia kikundi kimeenda hospitali." Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa haina mgeni mwingine. Mpishi alikosa wa kupikia, kwa hiyo wakawa wanapika pamoja, na Mwaitu akanieleza kwa urefu mkubwa makosa ya ugali wa Zambia.

Kisha ikaja ile ya maporomoko. Nilikuwa kitandani, mdomo umejaa vidonda, nikabonyeza. Kwanza ni upepo. Halafu ni mama yangu anacheka.

"Mumbua! Nimefika. Ni mawe! Nasimama hapa, ni ukuta wa mawe, mkavu, hata Kwa Vonza kuna mto unaoshinda huu. Mtu wa hapa ananiambia maji hupungua miezi hii, upande huu hukauka kabisa, njoo mwezi wa tatu. Ndiyo maana vyumba ni rahisi! Nimeuza mbuzi wangu wote nikaja kuangalia kiangazi cha watu wengine!"

Nilicheka mpaka vidonda vikatoa damu. Mwisho wa hiyo sauti alisema ng'ambo ya daraja, upande wa Zimbabwe, maji hayakauki. Angevuka kesho.

Alasiri hiyo nikaanza kutetemeka. Walikuwa wamenionya: ukipata joto, usingoje. Musyoka alikuwa amekuja kutoka Malili, akanipeleka, nikapimwa, sista akasema damu imeshuka, mwili hauna askari hata mmoja, nikalazwa pembeni ya wodi na dripu mkononi. Shangazi Ndunge alifika kabla ya chupa ya kwanza kuisha. Alisimama chini ya kitanda, na mara hii hakuwa na maneno ya kejeli. Alikuwa ameogopa, na nilimwona ameogopa, na nikaogopa.

"Musyoka, mpigie mama yake. Apande basi leo."

Musyoka alishika simu. Alinitazama.

"Lete," nikasema. "Nitapiga mimi."

Nataka uelewe, wewe msomaji, kwamba sikuwa shujaa. Meno yalikuwa yanagongana. Nilitaka mama yangu kama Mwende alivyonitaka nyuma ya ule mlango. Na nilijua pia ninaweza kufa. Mtu asikudanganye kwamba wanaokataa kufa hawajui hilo.

Akapokea. Nikamwambia yote, joto, damu, wodi. Sikumficha. Halafu nikasikia kuku wa Zambia wakilia nyuma yake.

"Unataka nirudi?" akauliza.

"Ukiingia kwa mlango huu," nikasema, "nitajua umekuja kuniaga."

Nilisikia akivuta kiti na kuketi.

"Basi sitarudi. Nipe Ndunge."

Nikaweka sauti ya juu. "Ndunge," mama yangu akasema, "huyo mtoto apewe uji. Ukilia, lilia nje." Akakata. Shangazi akatoka nje. Aliporudi alikuwa na uji, na hajanitajia siku ile mpaka leo.

Kesho yake sikumbuki vizuri. Siku iliyofuata joto lilikuwa linashuka, linapanda, linashuka. Simu ikalia, ni Mwaitu, nikaiweka juu ya mto kwa sababu mkono haukuwa na nguvu. Hakusema kitu. Ilikuwa kelele tu, nzito, isiyo na mwisho. Mama wa kitanda jirani akainua kichwa akatazama dirisha.

"Mvua hiyo?"

"Ni mama yangu," nikasema. "Amefika."

Tukasikiliza, yeye na mimi na Shangazi na sista aliyekuja kubadilisha dripu, mpaka simu ikaisha chaji.

Nilitoka wodini. Dawa zikaahirishwa wiki moja, zikaendelea. Mwethya ilikuwa imeshapalilia shamba la Mwaitu bila kuambiwa. Alirudi mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, ngozi imeungua puani, akaenda kuoga, akamchukua Mwende mgongoni, akaanza kunilaumu kwamba sufuria zake zimekwaruzwa. Nikajua ameniona mzima.

Mvua ikapita, tukavuna, dawa zikaisha, nikaitwa nikachukue majibu ya picha ya mwisho. Tulikaa kwa benchi, yeye na mimi. Hapo ndipo aliponiambia, akitazama ukuta.

"Ile siku uliyonipigia, nilifunga begi."

Nikamgeukia.

"Nikaenda stendi. Nikakata tikiti ya kurudi. Basi likaja, wakapanda wote, kijana akaniambia mama, panda. Nikamwambia ngoja. Akangoja. Akaniambia tena. Halafu likaenda, na mimi nimekaa hapo na begi magotini." Alisugua goti lake. "Nililia mbele za watu wa Zambia. Wakaniletea soda."

"Kwa nini hukupanda?"

"Kwa sababu sikuwa nakuja kukuaga," akasema, kwa hasira, kama ni mimi niliyemkosea. "Na ungeniona, ungefikiri ni hivyo. Wewe ni mkaidi. Ungekufa ili ionekane ulisema kweli."

Watu wawili kwa benchi ya mbele wakageuka. Miezi yote hiyo nilidhani mimi ndiye nilikuwa nabeba ile safari, na yeye anatembea tu huko mikono mitupu.

Sista akafungua mlango akaita jina langu. Mwaitu akaanza kuinuka, magoti yakakataa mara ya kwanza, yakakubali mara ya pili. Nikamngoja. Tukaingia kusikia.

"Hakuna kitu," daktari akasema. "Imeisha."

Mwaitu akamwomba aseme tena, kwa sauti, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na nje kulikuwa na watu kwa benchi.